Istilahi za Kisaidizi cha Uamuzi katika Zahanati

Katika miaka ya karibuni kifaa kipya kimeingia katika baadhi ya zahanati na vituo vya afya vya nchi hii, nacho kimekuja na maneno yake. Kwa umbo ni kishikwambi cha kawaida, sawa na vile vilivyotumiwa na makarani wa Sensa ya mwaka 2022 na ambavyo baadaye viligawiwa kwa walimu. Kwa kazi ni kitu kingine. Tabibu ampokeapo mgonjwa, kifaa humwuliza swali moja baada ya jingine: umri wa mtoto, uzito wake, kama mwili wake una joto, kama anakohoa na tangu lini. Kwa kadiri ya majibu kinayopewa, huchagua swali lifuatalo, na mwishoni hutoa shauri: ugonjwa unaoelekea kuwapo, dawa na kiasi chake, au kwamba mtoto apelekwe hospitali bila kukawia. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kifaa hicho kifanyavyo kazi, na hasa kuyapima maneno ya Kiswahili yanayohitajika ili kazi hiyo ifanyike bila kumdhuru mtu.

Tuchukue mfano wa Lipingo, katika ufuko wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka ile ya Mbinga. Tuseme kwa kupita tu kwamba neno “nyasa” asili yake ni ziwa lenyewe, hivyo tusemapo Ziwa Nyasa tunasema ziwa mara mbili, wala hakuna aliyepata kudhurika kwa sababu hiyo. Makosa tutakayoyataja hapa chini si ya namna hiyo. Mama wa Lipingo amtazamaye mwanawe usiku huyasema maradhi kwa lugha ya nyumbani kwake. Iwe Kimpoto, Kinyasa au Kimanda, au Kimatengo ikiwa ameolewa kutoka milimani. Asubuhi huyasimulia zahanati kwa Kiswahili. Tabibu naye huyaandika na kuyatafuta katika mwongozo wa matibabu kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha aliyosomeshwa udaktari. Kwa hiyo neno huvuka mipaka miwili kabla ya kuifikia dawa. Zamani mtu mmoja, yaani tabibu mwenyewe, ndiye aliyelivusha neno hilo, akilipima kwa macho na kwa masikio yake. Siku hizi sehemu ya kazi hiyo hufanywa mapema na mfasiri aliyeketi ofisini Dar es Salaam au Dodoma, ambaye hatamwona mtoto huyo maisha yake yote.

Fikra yenyewe ina umri mkubwa kuliko vishikwambi. Mwaka 1972 huko Leeds, Uingereza, daktari de Dombal na wenzake walichapisha habari za kompyuta iliyosaidia kutambua sababu za maumivu makali ya tumbo. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1970 Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilitengeneza programu iliyoitwa MYCIN, ya kuchagua dawa za maambukizo ya damu. MYCIN ilisifiwa sana na wataalamu lakini haikupata kutumika katika wodi za kila siku. Huko fikra ilianzia kwa madaktari bingwa waliotaka msaidizi. Kwetu ilianzia upande wa pili, katika uhaba wa madaktari. Zahanati zilizojengwa vijijini baada ya Azimio la Arusha ziliendeshwa na waganga wasaidizi na wauguzi, na watu hao walihitaji kitabu chepesi cha kuwaongoza. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walitoa utaratibu wa kutibu kwa pamoja magonjwa ya watoto wenye umri chini ya miaka 5, nao ulianza kutumika Tanzania mwaka 1996. Ni kitabu cha chati zenye rangi: waridi kwa mtoto wa kupelekwa hospitali, njano kwa wa kutibiwa pale pale, kijani kwa wa kutunzwa nyumbani.

Kitabu ni kizuri. Shida yake ni kwamba hubaki kabatini. Tabibu mwenye foleni ya wagonjwa barazani hafunui kurasa. Hutibu kwa mazoea. Mwaka 2008 kulichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Mtwara, ambako chati hizo zilitiwa katika kompyuta ndogo ya mkononi, na ikaonekana kwamba tabibu aulizwaye na mashine huruka hatua chache kuliko yule aachiwaye kumbukumbu yake. Kati ya mwaka 2009 na 2014, Chuo Kikuu cha Muhimbili kikishirikiana na vyuo vya Ulaya kilijaribu kompyuta za namna hiyo kwa huduma za wajawazito na wazazi katika vituo 6 vya Lindi Vijijini. Na huko Unguja na Pemba wajitoleaji wa afya ya jamii hutembelea nyumba wakiwa na programu ya Kiswahili katika mpango uitwao Jamii ni Afya, jina ambalo wasomaji wa umri wetu hawataacha kulisikia mwangwi wake wa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973.

Faida iliyotafutwa zaidi ni kupunguza viuavijasumu vinavyotolewa bure bure. Uchunguzi wa watoto 1,005 wenye homa uliofanywa Dar es Salaam na Ifakara, na kuchapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba karibu 71 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa virusi, ambao dawa hizo haziuwezi. Hata hivyo dawa zilikuwa zikitolewa kwa wengi mno. Katika jaribio la programu iitwayo ALMANACH, lililochapishwa mwaka 2015, watoto waliopewa viuavijasumu siku ya kwanza walikuwa asilimia 15 walipotibiwa kwa programu, na asilimia 84 walipotibiwa kwa desturi. Na waliopona baada ya siku 7 walikuwa asilimia 97 kwa programu na 92 kwa desturi. Miaka miwili baadaye programu ya ePOCT, iliyoongezewa kipima oksijeni cha kidoleni na vipimo vya damu, ilijaribiwa Dar es Salaam kwa watoto 3,192 na kushusha dawa hizo zaidi. Kisha mwaka 2024 yakatolewa matokeo ya vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro: vyenye programu vilitoa viuavijasumu kwa asilimia 23 ya watoto, na visivyo nayo kwa asilimia 70, ilhali watoto ambao hali zao hazikupata nafuu walikuwa takriban sawa pande zote mbili. Isidhaniwe kwamba yote haya ni kazi ya mashine peke yake. Pamoja nayo yalikuwapo mafunzo, vipimo, na watu wa kuwatembelea na kuwaelekeza watumishi. Lakini ni dhahiri kwamba maneno yaliyomo katika mashine yana nguvu ya kubadili dawa anayopewa mtoto. Hapo ndipo wafasiri wanapoingia.

Tuanze na jina la kitu chenyewe. Ofisi nyingi huandika “mfumo wa kusaidia maamuzi”. Neno la umoja ni uamuzi. Maamuzi ni wingi wake, nayo hufaa panapokuwa na mengi. Desturi ya kutumia wingi mahali pa umoja imeenea hata katika hotuba, lakini haifai katika istilahi. Tunapendelea “kisaidizi cha uamuzi”, kwa muundo ule ule uliotupatia kikokotozi. Kuna waliopendekeza “kiongozi”, wakifuata mfano wa kiongozi cha mwalimu kilichozoeleka shuleni. Ni neno zuri, ila kiongozi huongoza, na kifaa hiki hakina mamlaka hayo. Mwamuzi anabaki kuwa tabibu. Akiona kwa macho yake kwamba mtoto yu taabani, hampeleki nyumbani kwa sababu kioo kimeonyesha kijani.

Ni lazima pia tutenganishe vitu vitatu ambavyo watu huviita kwa jina moja. Kishikwambi ni kile kinachoshikwa mkononi. Programu ni maagizo yanayokiendesha. Mwongozo ni elimu ya tiba ambayo programu imeandikwa kuifuata. (Wanaokumbuka Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 watatuvumilia, neno ni lile lile, na maana yake ya msingi ni ile ile.) Mpambanuo huu si wa kujipamba. Ripoti ya mtumishi ikisema “kishikwambi kimekosea”, fundi atabadili betri, na kosa lililomo katika mwongozo litaendelea kutibu watoto kwa mwaka mzima.

Kwa ule mpango wa maswali unaogawanyika kwa kila jibu, “mti wa uamuzi” unatosha na unaeleweka mara moja: una shina, matawi na ncha. Wataalamu wa kompyuta hupenda “algoriti” kwa dhana iliyo pana zaidi, nasi hatuna ugomvi nao, almradi katika vitabu vya watumishi ielezwe kuwa ni mfuatano wa hatua. “Rufaa” imeshakubalika, ingawa mkulima husikia mahakama ndani yake. Kwa hiyo neno hilo libaki kwenye kioo cha tabibu, na mzazi aambiwe kwa maneno ya wazi kwamba mtoto aende hospitali ya Liuli leo hii, asingoje kesho.

Haya yote ni mepesi. Ugumu umo katika maneno ambayo kila mtu anadhani anayajua.

“Homa” ni moja. Katika kamusi ni joto la mwili lililozidi kiasi. Kwa wengi wetu ni pia malaria, na kwa wengine ni ugonjwa wowote unaomlaza mtu. Programu iulizapo “Je, mtoto ana homa?” mama atajibu hapana ikiwa jana alipimwa akaambiwa hana malaria, hata kama mtoto anawaka kama jiwe la jikoni. Swali na liwe juu ya joto: je, mwili wa mtoto umekuwa wa moto, leo au siku zilizopita? Kisha kipimajoto kiseme lililobaki.

“Degedege” ina hatari nyingine. Utafiti uliofanywa wilaya ya Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wazazi wengi hawakuihesabu kuwa matokeo ya malaria kali, bali ugonjwa wa peke yake wenye waganga wake, na mtoto alicheleweshwa hospitali kwa sababu hiyo. Tukiliandika neno hilo peke yake, mama anayeogopa atalikana. Tukiliacha kabisa, mama mwingine anayelijua vizuri hataelewa tunauliza nini. Kwa maoni yetu swali lieleze kwanza tendo, kwamba mtoto alikakamaa au alitikisika mikono na miguu bila kujitambua, na jina lifuate nyuma.

Sasa tuje kwenye vitufe viwili ambavyo ndivyo vilivyotufanya tuandike makala haya. Dalili ya kwanza ya hatari katika utaratibu wa magonjwa ya watoto imeelezwa kwa ukanusho: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya. Mfasiri mwaminifu kwa maandishi atatafsiri, “Je, mtoto hawezi kunywa au kunyonya?” na chini yake atapanga Ndiyo na Hapana. Sentensi ni sahihi kisarufi. Hakuna mwalimu atakayeitia wino mwekundu. Lakini sikilizeni majibu ya watu. Mtu ambaye hajala akiulizwa “Hujala?” hujibu “Ndiyo, sijala”, kwa kuwa ndiyo yake inaikubali kauli ya muulizaji. Mwingine ambaye naye hajala hujibu “Hapana, sijala”, kwa kuwa hapana yake inafuatana na ukanusho wa kitenzi. Katika mazungumzo hakuna hasara, maana kitenzi kinachofuata huondoa utata. Kitufe hakina kitenzi kinachofuata. Mama akisema “hapana” akimaanisha kwamba mtoto hawezi, na tabibu aliyechoka akabonyeza Hapana, mti wa uamuzi utashika tawi la mtoto anayenyonya vizuri, na tawi hilo linaelekea nyumbani.

Dawa ya tatizo hili haihitaji fedha. Swali liandikwe kwa uyakinishi, “Je, mtoto anaweza kunywa au kunyonya?” na vitufe viandikwe Anaweza na Hawezi. Kitenzi kirudi kilipotoka. Tena mwongozo wenyewe unashauri kwamba penye shaka mama aombwe ampe mtoto titi au maji, na tabibu atazame. Shauri hilo lisikatwe na mfasiri kwa ajili ya ufupi wa kioo. Vivyo hivyo kwa dalili ya pili. “Anatapika kila kitu” kwa masikio ya mama ni namna tu ya kulalamika, naye atakubali hata kama mtoto alitapika mara mbili na uji wa asubuhi umekaa. Aulizwe: tangu jana, je, kipo chakula au kinywaji kilichobaki tumboni? Majibu yawe Kipo na Hakipo.

Viunganishi vya hesabu navyo vina mitego. Mtoto anayekohoa huhesabiwa pumzi kwa dakika moja, na mwongozo huzihesabu kuwa za haraka zikiwa 50 au zaidi kwa mtoto mwenye umri wa miezi 2 ambaye hajatimiza miezi 12, na 40 au zaidi kwa aliyetimiza miezi 12 hadi kabla ya kutimiza miaka 5. Tumeona rasimu moja, ambayo hatutaitaja, iliyoandika “miezi 2 hadi 12: zaidi ya 50”. Katika maneno hayo machache mna makosa mawili. “Zaidi ya 50” humwacha nje mtoto mwenye pumzi 50 kamili. Na “hadi 12” kwa Kiswahili cha kawaida humwingiza mtoto wa miezi 12, ambaye kwa mwongozo alipaswa kupimwa kwa 40; basi mtoto wa mwaka mmoja mwenye pumzi 45 ataonekana mzima wa mapafu. Tuandike “chini ya miezi 12”, “kuanzia miezi 12” na “kuanzia 50”. Maneno haya hayana madoido, nayo hayaachi mtu mpakani.

Msomaji aliyechoshwa na hesabu atuvumilie kwa moja zaidi, maana hili ni la Waswahili peke yao. Dawa mseto ya malaria hutolewa kwa siku 3, na dozi ya pili hufuata ya kwanza kwa muda wa saa 8. Programu ikiandika “dozi ya pili: saa 8”, au hata “mpe tena baada ya saa 8” ikisomwa haraka, mama atafanya nini? Dozi ya kwanza alipewa zahanati saa 4 asubuhi. Saa 8 anayoijua yeye ni saa 8 mchana, jua likiwa limepinda kidogo, nayo ni muda wa saa 4 tu tangu dozi ya kwanza. Saa iliyokusudiwa ni 12 jioni, mitumbwi ya usipa inapojiandaa kushuka majini. Kishikwambi nacho kina saa yake ya kigeni inayoonyesha 10:00 na 18:00, kwa hiyo tabibu anayetaka kusaidia kwa kusoma kioo huongeza mkanganyo wa tatu. Istilahi pekee haitatui jambo hili. Mtunga programu aagizwe aifanyie mashine hesabu, iandike “mpe leo saa 12 jioni”, kisha “kesho asubuhi na jioni”, “kesho kutwa asubuhi na jioni”. Maneno “saa” na tarakimu yasikutane kwenye kioo isipokuwa kwa kutaja wakati wa siku. Muda uitwe “muda wa saa 8”, na hilo libaki kwa tabibu.

Kwa sababu hizi tungependa kila tafsiri ya namna hii ipitie mkono wa mtu wa pili, ambaye hajaona maandishi ya Kiingereza, airudishe kwa maneno yake mwenyewe. Na baadaye isomwe kwa sauti mbele ya wazazi kumi au kumi na watano walioketi benchi la zahanati, si mbele ya kamati. Kamati husoma kwa macho. Mama wa Lipingo ataisikia kwa masikio, mtoto akilia mgongoni.

Limebaki neno moja ambalo hatujaridhika nalo. Dalili mojawapo ya hatari ni ya mtoto ambaye hajazimia, macho yake yako wazi, lakini hamfuati mama kwa macho, haitiki aitwapo, wala hajali kinachotendeka. Tafsiri zilizopo hutumia “amelegea”. Lakini mtoto mwenye njaa amelegea, na aliyeamshwa usingizini amelegea; mama atajibu kwamba ndivyo, na mashine itampeleka hospitali mtoto asiye na haja, hadi siku tabibu atakapochoka kuiamini na kuanza kuipuuza. “Amepumbaa” ni karibu zaidi, ila lina harufu ya tusi. “Amezubaa” ni la mtoto wa shule asiyesikiliza. Huenda wazazi wa ufuko wa Nyasa, au wa Pemba, au wa Usukumani, wanalo neno moja wanalolitumia usiku wanapomwita mtoto na mtoto asigeuke. Walimu na watumishi wa afya waliolisikia tunawaomba watuandikie, wataje na mahali walipolisikia.